Maharage ya Ufipa, dhahabu ya jirani

Sumbawanga haijawahi kujiita mji wa dhahabu. Dhahabu iko kwa majirani: Mpanda kwa upande wa kaskazini, Chunya ng'ambo ya Ziwa Rukwa. Lakini wafanyabiashara wa nafaka mjini hapa wanasema hawahitaji kupigiwa simu ili wajue kwamba rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, imeanza mahali. Vijana wanapungua vijiweni, maharage yanapanda bei, na mahindi yanaulizwa na watu wasiojua kupatana.

Mmoja wao ni mama anayenunua maharage Laela na Chala na kuyapeleka machimbo ya Mpanda kwa barabara ya Kizi na Sitalike. Hajawahi kushika sururu. Mzigo wake ni magunia 9, na idadi hiyo ameipigia hesabu: tangu 2017, mazao yasiyozidi tani 1 hayatakiwi kutozwa ushuru yanapovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Getini, kwa maelezo yake, gunia halipimwi, linatazamwa. Likionekana na kilemba, ile ziada iliyojazwa juu ya mdomo, linaitwa lumbesa, na lumbesa 9 zinakuwa zaidi ya tani bila mzani kuguswa. Hapo alipe, au asubiri hadi jua lizame na mwenye gari aanze kudai pesa ya kulala. Akibanwa kidogo anakiri kwamba kilemba kweli kipo. Wakulima ndio wanaomfungia hivyo, naye hakatai.

Hata hivyo geti halimuumi kama daftari. Machimboni anawauzia mama lishe kwa mkopo, nao wanamkopesha mchimbaji sahani ya ugali maharage mpaka duara, yaani shimo la dhahabu, liteme. Wengine anawakopesha mwenyewe. Kurasa zake hazina majina, kwa sababu machimboni majina hubadilika: kuna "mrefu wa duara la tatu", kuna "kofia nyekundu", kuna "yule wa kamba". Ikisikika rashi kwingine, kofia nyekundu anahama usiku na turubai lake, na deni linabaki Sumbawanga.

Kwa wanaobaki, kazi zimegawanywa kwa namna ambayo Mfipa hawezi kuiona ngeni. Wanaume wanashuka duarani, wanavuta kamba, wanabeba viroba na kuendesha karasha za kusaga mawe. Wanawake wanaponda mawe kwa nyundo, wanachekecha, wanachota maji, wanaosha mchanga kwenye mwalo, wanapika. Kushuka shimoni wengi hukatazwa, eti dhahabu itakimbia. Malungu, zile tanuru za udongo ndefu kupita kimo cha mtu zilizoyeyusha chuma Ufipa hadi ndani ya karne ya 20, nazo zilikuwa na miiko yake juu ya wanawake, na dawa ilikuwa sehemu ya kazi. Leo kuna wenye maduara wanaomlipa mganga kabla ya fundi wa mota. Jina la Sumbawanga, ambalo kwa Kifipa ni agizo la kutupa uchawi, machimboni linauzika kwa maana iliyo kinyume kabisa.

Kuhusu mapato ya dhahabu yenyewe, ofisa mmoja wa serikali, aliyeomba asitajwe, anang'ang'ania tarakimu moja: 7. Kwa viwango vya 2017, mrabaha ulikuwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Gramu 10 zikipita kwenye soko la madini, anasema, kwa viwango hivyo serikali inachukua pointi 7 tu, yaani sehemu 7 za kumi za gramu, na muuzaji anaondoka na thamani ya gramu 9 na pointi 3. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwa hiyo, anahitimisha, hakuna tena sababu ya kutorosha.

Hesabu yake haina kosa. Tatizo ni kwamba mchimbaji hafiki sokoni na gramu 10. Mwenye leseni ameshachukua viroba vyake. Aliyekopesha mafuta ya mota ameshachukua chake, kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Zebaki nayo hukamata sehemu tu ya dhahabu; iliyobaki imo kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, na marudio mara nyingi ni mali ya mwenye karasha, anayeyauza kwa mwenye plenti. Huko sayanaidi inatoa kile ambacho mikono ya mama wa mwaloni haikukiona. Mama huyo analipwa kwa karai. Alipoulizwa kama naye anahesabiwa kwenye ajira za madini, ofisa alijibu kwamba takwimu zinafuata leseni, yaani kile kipande kisichozidi hekta 10 kinachotolewa kwa miaka 7. Mama wa mwaloni hana leseni.

Rashi si jambo jipya hapa. Miaka ya 1930, rashi ya Lupa ilipopamba moto, wanaume waliacha mashamba kwenda Chunya, na jembe la kupandisha matuta ya ntumba likabaki kwa wanawake. Nayo madini hayadumu: reli ya Kaliua hadi Mpanda ilifunguliwa 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa, treni ikabaki na abiria na mizigo ya kawaida.

Mbele hakusomeki vizuri. Bei ya dhahabu duniani imekuwa ikiwavuta vijana, na huenda ikaendelea. Lakini Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na zebaki ikibanwa kwelikweli, kazi ya kwanza kuyumba inaweza kuwa ile ya mwaloni, ya wanawake, huku wenye plenti wakipokea mawe moja kwa moja. Ofisa anasema wanawake hao wataelimishwa. Hakusema lini.

Mama wa maharage yeye ameshaamua. Kofia nyekundu hakopeshwi tena, na msimu huu anapakia magunia 8, vilemba vikiwa palepale.