Presha ya Mikinduri Ishuke Kidogo Tu

Wanaotafuna miraa Mikinduri, huko Tigania, Meru, wengi wao huwa na njugu za chumvi mkononi na soda pembeni. Ukiuliza habari ya presha, utaambiwa, "Mimi niko sawa, siumwi na kitu." Wanasema kweli, hawaumwi. Presha humkaa mtu miaka na mikaka bila kumbughudhi, hadi siku mshipa wa ubongo unapoziba au kupasuka, mdomo ukapinda na mkono ukafa ganzi. Hapo ndipo nyumba nzima inajua kuna mgonjwa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya hawakuwa wamewahi kupimwa. Chukua watu mia wenye presha. Waliojijua walikuwa kama 16. Waliokuwa wakimeza dawa ni wanne. Ambao dawa ilikuwa imeishusha presha yao hadi inapotakiwa ni wawili! Ilhali presha ya juu ikishuka kwa vipimo 10 tu, ile namba ya juu kutoka 160 hadi 150 tuseme, hatari ya kiharusi hupungua kwa zaidi ya robo.

Kwa hiyo dawa ni lazima, na ziwepo kila mwezi. Mikinduri imewahi kupokea kambi za matibabu za wahisani kutoka Kanada, na kambi ni jambo jema kwa jino bovu au jicho lenye ukungu. Ila presha haitibiwi kwa wiki moja. Inataka tembe ya kila siku, na zahanati ambayo stoo yake haikauki.

Lakini hata tungewapata wagonjwa wote, viharusi vingi bado vingetuponyoka. Mwaka 1985 daktari Mwingereza Geoffrey Rose alichora presha za wanaume wa makundi mawili: wafugaji wa kuhamahama wa Kenya na watumishi wa serikali jijini London. Umbo la michoro hiyo lilikuwa moja, ila ule wa London ulikuwa umesogea wote upande wa juu. Hata waliojiona wazima kule London, presha yao ilikuwa imepanda. Rose akasema kwamba watu wengi wenye hatari ndogo huweza kutoa wagonjwa wengi kuliko wachache wenye hatari kubwa. Maana yake, presha ya kijiji kizima ikishuka kidogo, viharusi vinavyozuilika ni vingi kuliko vile vya kuwatibu tu walio na presha ya kutisha.

Na presha ya umma hupanda kwa sababu zinazoonekana. Watafiti waliwafuata Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi katika miaka ya 1980, wakakuta presha imeanza kupanda ndani ya miezi michache, na mkojo wao una chumvi zaidi. Siku hizi huna haja ya kuhama. Maisha ya Nairobi yamekufuata hadi Tigania. Githeri inatiwa chumvi, inaongezwa kiungo cha Royco ambacho nacho kina chumvi, kisha chupa ya chumvi inazunguka mezani kabla mtu hajaonja. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, vyote vikijumlishwa. Huko China, vijiji 600 vilishiriki jaribio ambapo nusu yavyo vilipewa chumvi iliyopunguzwa sodiamu na kuongezwa potasiamu. Matokeo ya 2021 yalionyesha viharusi vimepungua kwa asilimia 14. (Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.)

Miraa nayo hupandisha presha na kuharakisha mapigo ya moyo. Najua kuigusa miraa Meru ni kugusa karo na mlo wa watu. Sitamwambia mkulima ang'oe miti yake, ila mtafunaji mwenye presha adanganywe hadi lini?

Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamegawiwa vifaa, mashine ya presha ikiwemo. Mwite wa kijiji chako. Keti dakika tano kimya, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza, upimwe. Na iwe kabla hujaanza kutafuna.