Istilahi za Mizabibu na Divai: Mfano wa Ziara ya Siku Moja Makutupora

UTANGULIZI

Kila shughuli mpya inayoingia nchini hudai maneno yake, na utalii wa mashamba ya mizabibu ni mojawapo ya shughuli hizo. Katika nchi zenye desturi ya kutengeneza divai, mgeni hulipa ada ya siku moja, akachukuliwa asubuhi, akatembezwa shambani na kiwandani, akaonjeshwa, akala chakula cha mchana na kurudishwa jioni. Huko Ufaransa wageni hutoka Paris kwa garimoshi kwenda Reims au Épernay, katika eneo la Champagne, ambalo vilima vyake, nyumba zake na maghala yake yaliyochimbwa ardhini viliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015. Hapa kwetu ziara ya namna hiyo yaweza kufanywa bila kuvuka bahari. Makutupora iko kilomita 20 na ushei kaskazini ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Kondoa na Arusha, na ndiko kiliko kituo cha utafiti wa zabibu cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI).

Madhumuni ya makala hii ni kuzichunguza istilahi zitakazohitajiwa na kiongozi wa ziara hiyo, na mfasiri atakayeandika kijitabu cha wageni, na mtumishi wa serikali atakayeshughulikia leseni na ushuru. Hoja yetu ni moja: istilahi ichaguliwe kwa kutazama jinsi kitu chenyewe kinavyofanyika, wala si kwa kulifuata umbo la neno la kigeni. Katika jambo hili kosa dogo la neno laweza kugusa bei ya mkulima, ushuru wa serikali na dhamiri ya mlaji.

1. JINA LA ZIARA NA LA MAHALI

Kiingereza hutumia neno moja kwa maana ya dola na kwa maana ya eneo la mashambani. Mfasiri asiyeangalia huandika "nchi ya divai", na msomaji akadhani kuwa anapelekwa ng'ambo. Lifaalo ni "ukanda wa mizabibu", kama tusemavyo ukanda wa pamba au wa kahawa. Hali kadhalika, "ziara iliyoongozwa" ni Kiswahili cha kukopa mfumo wa sentensi. Tuseme "ziara yenye kiongozi". Na iwapo wageni watakula chakula chao huko huko shambani, tunalo neno zuri la zamani, mandari, yaani matembezi ya kujifurahisha ambayo watu hupata chakula wakiwa hukohuko. Neno hili limeanza kusahauliwa na lastahili kurudishwa kazini.

Jina la mahali nalo litajwe kwa uangalifu. Iko Makutupora nyingine katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, na hiyo ndiyo inayotajwa katika kipande cha reli ya kisasa cha Morogoro hadi Makutupora. Kijitabu cha wageni kisiache kuandika "Makutupora, Dodoma", ama sivyo mgeni ataifuata mizabibu mahali isipokuwapo.

2. SHAMBANI

Zabibu ziliingia Dodoma kwa mikono ya wamisionari wa Kikatoliki, hasa wale wa Bihawana, waliohitaji divai ya ibada. Leo ni zao la biashara la wakulima wengi wadogo. Mvua za Dodoma ni chache na za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na jua ni kali. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima huuamsha kwa kisu chake: akishapogoa, mti huchipua, hutoa maua na kuzaa. Kwa sababu hiyo huvunwa mara mbili kwa mwaka, kiasi cha Machi na tena kiasi cha Agosti na Septemba, ilhali Champagne huvuna mara moja tu. Basi kupogoa hapa kuna maana pana kuliko kupunguza matawi, kwa kuwa ndiko kufungua msimu, na kiongozi wa ziara hana budi kulieleza hivyo.

Neno zabibu lenyewe lina historia ya kuchunguzwa. Kwa Kiarabu, lilikotoka, zabibu ni tunda lililokaushwa. Tunda bichi lina jina lake jingine. Watu wa pwani walilipokea neno pamoja na bidhaa iliyoletwa na majahazi, na hata leo mpishi wa pilau wa Mombasa au Unguja akiagiza zabibu huletewa zilizokaushwa. Dodoma, ambako tunda huonekana likining'inia mtini, zabibu ni tunda bichi, na lililokaushwa huitwa zabibu kavu. Twaona hapa kwamba ujio wa shamba umelihamisha neno kutoka dukani hadi mtini. Matumizi ya Dodoma ndiyo yafaayo kushikwa katika maandishi rasmi, maana yanatofautisha vitu viwili kwa njia nyepesi.

Shughuli nyingine za shambani hazina taabu. Mti ni mzabibu. Fungu la matunda ni kichala. Kukata matawi ni kupogoa. Kuunganisha chipukizi la aina moja na shina la aina nyingine ni kubebesha, kama wasemavyo mabwana shamba wetu. Hakuna haja ya kubuni pale ambapo mkulima amekwisha kubuni.

3. MCHUZI WA ZABIBU

Taabu huanza tunda likishakamuliwa. Dodoma limeenea neno "mchuzi wa zabibu", nalo limesikika hata katika mijadala ya kodi. Mkulima asiyepata mnunuzi wa zabibu zake hawezi kungoja, kwani tunda huoza. Hivyo hulikamua, akauhifadhi mchuzi katika matangi na kuuuza kwa viwanda baadaye. Neno hili limezaliwa na shida ya kweli, wala si la kudharauliwa.

Hata hivyo, mchuzi wa zabibu hutajwa kwa maana mbili. Kwanza ni maji matamu yaliyotoka kukamuliwa, yasiyolevya. Pili ni maji yale yale yakiisha kuchacha, yaani divai changa iuzwayo kwa jumla kabla ya kusafishwa na kutiwa chupani. Kati ya maana hizo mbili kuna tofauti yote iliyopo baina ya kinywaji cha mtoto na kileo. Mkataba unaosema "lita 1,000 za mchuzi" bila kufafanua waweza kuleta ugomvi wa bei, na karani wa ushuru hatajua kama anatoza kileo au maji ya matunda. Tena mgeni atakapoketi kula ugali na nyama, na kiongozi akatangaza kuwa mchuzi umeletwa, nani atajua kama ni wa nyama au wa zabibu?

Kiswahili si kigeni katika tofauti hii. Bara hutenga togwa na pombe. Pwani hutenga tembo tamu na tembo kali. Mgema hangekubali vitu hivyo viitwe kwa jina moja, kwani saa chache za jua hugeuza kimoja kuwa kingine. Kwa kufuata mfano huo twapendekeza "mchuzi mtamu wa zabibu" kwa maji yasiyochacha, na "mchuzi mkali wa zabibu" kwa yaliyochacha. Mkulima atabaki na neno lake, na sheria itapata uwazi wake. Maganda na mbegu zibakizo baada ya kukamua ni makapi. Uchafu utuamao chini ya tangi ni mashapo. Na chombo cha kukamulia ni shinikizo, neno ambalo wasomaji wa Biblia wanalifahamu.

4. DIVAI AU MVINYO?

Swali hili huulizwa kila mara. Mvinyo limetokana na Kireno. Divai hudhaniwa na wengi kuwa limetokana na Kifaransa. Biblia ya Kiswahili ya Umoja, iliyochapishwa mwaka 1952, hutumia maneno yote mawili. Lakini kwa wazee wa pwani, mvinyo ni kileo kikali cha kigeni, hata kile kilichokenekwa, ambapo katika magazeti na hotuba za siku hizi mvinyo ni kile kitokanacho na zabibu.

Hatuwezi kuwazuia watu kusema mvinyo, na hakuna sababu ya kuwazuia mazungumzoni. Katika sheria, vibandiko vya chupa na vitabu vya shule, hata hivyo, twapendekeza divai kwa kinywaji cha zabibu zilizochachushwa, na "kinywaji kikali" kwa kilichokenekwa. Sababu ni kwamba divai halijawahi kubeba maana ya pili. Msomaji wa Pemba na wa Dodoma watalielewa sawasawa, na viwango vya ushuru vya vinywaji hivyo viwili havitachanganywa kwa kosa la mfasiri.

5. DIVAI YA POVU

Divai ijulikanayo zaidi kutoka Dodoma ni tulivu, nyekundu au nyeupe. Lakini katika mashamba ya huku hupandwa pia Chenin Blanc, zabibu nyeupe ambayo huko Vouvray, Ufaransa, na huko Afrika Kusini hutengenezewa divai itoayo povu. Mgeni aliyetembelea huko atauliza habari zake Makutupora, na huenda siku moja ikatengenezwa hapa hapa. Neno na litangulie.

Tazama kwanza kinachofanyika. Divai tulivu hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na chachu, kisha chupa huzibwa. Chachu hula sukari na kutoa hewa ya ukaa, ambayo, ikikosa njia, huyeyuka ndani ya divai. Huu ni uchachushaji wa pili. Kanieneo ndani ya chupa yaweza kufikia mara 6 ya ile ya hewa tunayovuta, na ndiyo sababu ya chupa nene na kizibo kilichofungwa kwa waya. Divai ya Champagne isiyo ya mwaka maalum hukaa chupani muda usiopungua miezi 15. Kisha chupa huzungushwa na kuinamishwa kidogo kidogo mpaka mashapo yateremke shingoni. Shingo hugandishwa, kizibo huondolewa, mashapo hufyatuka, na chupa hujazwa na kuzibwa upya.

Sasa majina. "Divai inayometa" ni tafsiri ya kivuli: kumeta ni kwa dhahabu na kwa maji juani, na hata divai tulivu humeta katika bilauri. "Shampeni" ni jina la mahali. Ufaransa hulilinda kisheria liwe la divai ya Champagne peke yake, hivyo tusiiite shampeni divai ya Dodoma, kama tusivyopenda zabibu za kwingine ziitwe za Dodoma. "Divai ya gesi" yaelekea kupendwa, kwa kuwa watu husema maji ya gesi. Lakini gesi hiyo hutiwa kwa mashine, na hili ni jambo jingine.

Twapendekeza "divai ya povu" liwe jina la jumla, kwa kuwa povu huonekana na kila mtu na halihitaji maelezo. Chini yake pawe na "divai ya povu la chupani", iliyochacha mara ya pili ndani ya chupa, na "divai ya kutiwa gesi". Mnunuzi ana haki ya kujua ni ipi anayolipia, maana moja ni kazi ya miezi mingi na nyingine ni kazi ya muda mfupi tu.

6. MEZANI

Wakati wa chakula, iwe ni kwa mlenda na ugali au nyama ya kuchoma ya mnada wa Msalato, kiongozi ataulizwa juu ya ladha. Wengine hutafsiri "divai kavu" kwa divai isiyo na sukari. Mtu aliyefahamishwa zabibu kavu shambani atafikiri kwamba divai hiyo imetengenezwa kwa zabibu zilizokaushwa. Tuseme "divai isiyo tamu". Na kwa mgeni asiyetumia kileo, kwa imani yake au kwa kuwa ndiye dereva, kiongozi aseme wazi: huu ni mchuzi mtamu, hii ni divai. Istilahi iliyo sahihi ni sehemu ya adabu ya kumkaribisha mgeni.

7. ORODHA YA ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Divai: kinywaji kitokanacho na zabibu zilizochachushwa.
Divai tulivu: divai isiyotoa povu.
Divai ya povu: divai yenye hewa ya ukaa itokayo chupa ifunguliwapo.
Divai ya povu la chupani: divai ya povu iliyochacha mara ya pili ndani ya chupa.
Divai ya kutiwa gesi: divai ya povu ambayo hewa yake imetiwa kwa mashine.
Divai isiyo tamu: divai ambayo sukari yake karibu yote imeliwa na chachu.
Kinywaji kikali: kileo kilichokenekwa.
Mchuzi mtamu wa zabibu: maji ya zabibu kabla ya kuchacha.
Mchuzi mkali wa zabibu: divai changa iuzwayo kwa jumla.
Makapi: maganda na mbegu baada ya kukamua.
Mashapo: uchafu utuamao chini ya divai.
Ukanda wa mizabibu: eneo ambalo mizabibu ni zao kuu.
Ziara yenye kiongozi: matembezi yanayoendeshwa na mtu wa kutoa maelezo.

HITIMISHO

Haya ni mapendekezo, na mizani yake ni matumizi. Walimu wa Dodoma waliokaribu na mashamba, wafasiri wa vibandiko na maofisa wa ushuru wanaombwa kuyapima kazini na kutuandikia, hasa pale ambapo mkulima ana neno lililo bora kuliko letu. La muhimu zaidi ni mchuzi: likiachwa na maana zake mbili, atakayepata hasara kwanza ni yule aliyelibuni.