Uwanja wa Mtaa: Tuanze na Wanaokuja kwa Miguu

Katika mitaa mingi ya miji yetu ya pwani, eneo la wazi lililosalia ni moja tu, na wakati mwingine hata hilo moja halipo. Wakazi wakijaaliwa kulikuta halijajengwa, wakaitwa mkutanoni kujadili namna ya kulitengeneza, vijana hudai kiwanja cha mpira, wazee huomba viti na kivuli, na wenye magari huuliza wataegesha wapi. Aghalabu swali hili la mwisho ndilo hujibiwa kwanza.

Ndugu msomaji, kabla ya kulijibu na tupige hesabu. Gari moja huegeshwa katika nafasi ya mita 2.5 kwa mita 5, yaani mita za mraba 12.5. Lakini gari halishuki kutoka mbinguni. Lahitaji njia ya kuingilia na mahali pa kugeuzia. Kwa sababu hiyo wapangaji huhesabu takribani mita za mraba 25 kwa kila gari, na magari 60 humeza mita za mraba 1,500. Uwanja wa mpira wa kikapu una mita 28 kwa 15, na wa netiboli mita 30.5 kwa 15.25. Katika mita zile 1,500 viwanja hivyo viwili vingeenea vyote, pamoja na nafasi ya kukimbilia pembezoni. Kwa lugha nyingine, maegesho ya magari 60 ndiyo bei ya mahali ambapo mabinti zetu wangecheza.

Na wanaokuja uwanjani ni akina nani? Wengi ni watoto wa mtaa huohuo, nao huja kwa miguu. Wengine hushuka daladala, wengine huletwa na bodaboda. Nafasi ya gari moja hutosha pikipiki tano. Si haki kumwambia mwenye gari asije, hasa akiwa na mzazi mkongwe au mlemavu. Huyo apewe nafasi chache zilizo karibu kabisa na lango, na wengine waegeshe ukingoni mwa barabara au katika uwanja wa shule jirani kwa makubaliano.

Hapo husikika hoja ya Idi: siku ya swala watu watafurika, magari yatakwenda wapi? Hoja ina uzito, lakini Idi ni mbili kwa mwaka. Maegesho yaliyopimwa kwa ajili ya asubuhi mbili hubaki tupu siku nyingine zote, na mahali patupu mjini hapakai patupu. Huanza fundi mmoja kutengeneza gari chini ya mti, akafuata muosha magari, kisha ukatokea uzio. Kwa asubuhi hizo mbili inatosha kuwa na vijana wa kuongoza magari na ruhusa ya kufunga barabara moja kwa saa chache.

Tena, uwanja uliopangwa vizuri ni musalla mzuri. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitoka kwenda kuswali Idi mahali pa wazi, na wanawake nao waliamrishwa watoke. Kiwanja cha mpira hulazwa kwa urefu kutoka kaskazini kwenda kusini, ili jua la alasiri lisimpige mlinda mlango machoni. Nasi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, Makka iko karibu kaskazini yetu moja kwa moja. Kwa hiyo mstari wa goli huwa kama mstari wa safu, na kiwanja chenye upana wa mita 68 hupokea watu zaidi ya mia moja katika kila safu. Neema hii hupotea endapo kiwanja kitapindishwa ili kulipisha lango la magari.

Si lazima kila mtaa uwe na kiwanja kamili cha mita 105 kwa 68. Kanuni za soka zinaruhusu kiwanja cha kawaida kiwe na urefu wa mita 90 na upana wa mita 45, na tofauti ya viwili hivyo ni mita za mraba 3,090. Katika eneo la hekta moja, hiyo ni karibu theluthi nzima, ya kutosha viwanja vidogo, miti na njia ya kutembea wazee. Imepokewa kwamba Mtume aliposhindanisha farasi, waliofunzwa mbio waliwekewa masafa marefu na wasiofunzwa masafa mafupi. Kipimo kilifuata uwezo. Kule Kidongo Chekundu, karibu na Kariakoo, viwanja vilivyofunguliwa mwaka 2015 vimeiweka soka pamoja na mpira wa kikapu mahali pamoja, na kila mmoja akapata fungu lake.

Masika nayo yasisahauliwe. Maegesho yakisakafiwa kwa saruji upande wa juu, maji yote humiminikia kiwanjani, na mpira husimama kwa wiki kadhaa. Yawekwe upande wa chini, au yatandikwe vitofali vyenye matundu ya kupitisha maji. Lango la watoto litenganishwe na la magari, kwa kuwa mtoto anayechomoka kati ya magari mawili haonekani na dereva mpaka amekwisha kufika mbele yake. Bomba la maji na vyoo vikae upande wa watu, si nyuma ya maegesho penye giza wakati wa Maghrib.

Afisa mipango miji akileta ramani mkutanoni, akina mama wamwombe jambo moja: kabla ya kupiga kura, ramani ile ichorwe ardhini penyewe, alasiri ya Jumamosi. Viwanja vizungushiwe kamba, nafasi za magari zitiwe chaki, watoto waachwe wacheze ndani yake, na magari mawili matatu yaingizwe. Huhitajika mambo za mti, kamba na ndoo ya chokaa, na kazi yote huisha kabla ya adhana.