Jinsi ya Kumsaidia Mtu Aliyeungua

Katika shule ya bweni moto hauko mbali na mtu. Jikoni kuna masufuria ya uji na maharage, bwenini kuna pasi ya mkaa, na katika maabara kuna asidi. Nimeona yafaa niandike machache juu ya kuungua, maana wengi wetu twajua dawa nyingi za jeraha la moto, na karibu zote hudhuru.

Kwanza wenzangu wajue ya kwamba maumivu si kipimo cha jeraha. Ngozi ina tabaka mbili: ya juu ni nyembamba, na ya chini ni nene, nayo ndiyo yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Moto ukiunguza tabaka la juu tu, mahali hapo huuma na kuwa pekundu, lakini hapatoki malengelenge, na baada ya siku chache mtu hupona. Vitabu vingi husema "wekundu", lakini katika ngozi nyeusi kama zetu wekundu huo aghalabu hauonekani. Basi gusa polepole usikie joto, ulinganishe na upande wa pili wa mwili. Moto ukizama zaidi, hutokea malengelenge na majimaji, na maumivu huwa makali mno. Lakini ukiteketeza ngozi yote, mahali huwa peupe kama nta, au pa kahawia, au peusi, pakavu na pagumu kama ngozi ya ngoma, na mgonjwa hasikii kitu hapo, kwa sababu mishipa ya fahamu nayo imekwisha kuungua. Huyu akikuambia, "Mimi sijambo, hapaniumi," usifurahi. Yeye ndiye wa kukimbizwa hospitali kabla ya yule anayelia.

Kipimo cha pili ni upana. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kadiri ya sehemu 1 katika 100 ya ngozi yake yote. Nasema kiganja cha mgonjwa, si chako. Ukipima mtoto mchanga kwa kiganja cha kijana wa Kidato cha Nne utakosea sana. Mtu mzima aliyeungua malengelenge au zaidi kwa sehemu 15 katika 100, au mtoto kwa sehemu 10, yu hatarini, maana maji ya mwili humtoka kwa wingi hata damu ikapungua nguvu ya kuzunguka. Huyo huhitaji kutiwa maji kwa mshipa.

Sasa msaada wenyewe. Dawa ya kwanza ni maji ya kawaida ya baridi, yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Wengi humwagia kikombe kimoja wakaridhika. Hawajui ya kuwa moto ukisha kuondoka, joto lake hubaki ndani ya nyama likizidi kuunguza. Hata kama zimepita saa mbili au tatu, maji bado yanafaa. Na bomba likiwa limekauka, jambo tusilolishangaa hapa kwetu, chukua beseni na kikombe, umwagie, uyakinge maji hayo hayo safi na kuyamwaga tena. Barafu usitie, kwa kuwa nayo huumiza ngozi. Wakati huo mfunike mgonjwa blanketi sehemu nyingine za mwili, hasa akiwa mtoto, asije akashikwa na baridi.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alimwagikiwa na uji mguuni. Uji ni mbaya kuliko maji ya moto, kwa sababu hunata na kushikilia joto lake. Mmoja alikuja mbio na dawa ya meno, mwingine akataka yai, wa tatu akasema unga wa ngano. Mpishi aliwafukuza wote, akamvua soksi na kumpeleka bombani. Vitu hivyo vyote hufungia joto ndani, huleta uchafu, na daktari hana budi kuvikwangua ndipo aone jeraha, na kukwanguliwa huko ni mateso mapya. Nguo na pete zivuliwe mapema kabla ya uvimbe, lakini nguo iliyogandamana na ngozi iachwe. Malengelenge yasipasuliwe. Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi bila kukaza.

Mtu akiwaka nguo asikimbie, maana upepo huchochea moto. Mlaze chini abiringike, au mfunike blanketi zito. Aliyeshikwa na umeme usimguse kabla ya kuzima swichi kuu.

Hapa sina budi kutaja kifafa. Katika nchi yetu wako walioanguka motoni kwa ugonjwa huu, na watu wakasimama kutazama wakiogopa kuambukizwa. Kifafa hakiambukizi hata kidogo, wala kwa mate wala kwa kugusa. Mvute mara moja.

Yafaa kwenda hospitali kila jeraha linapokuwa usoni, viganjani, nyayoni, sehemu za siri au kwenye kiungo, au likizunguka mkono au mguu mzima. Vilevile kwa moto wa umeme au asidi, na kwa mtoto mchanga hata kama jeraha ni dogo. Aliyevuta moshi katika nyumba iliyofungwa, na sauti yake ikakauka au akakohoa masizi, asingojee asubuhi, kwa kuwa koo huweza kuvimba na kuziba. Mfikapo huko mwambieni mwuguzi saa aliyoungua, kilichomwunguza, na muda aliomwagiwa maji, na mwulizeni juu ya sindano ya pepopunda.