Tumjue Mgombea kwa Kauli Yake: Somo Kutoka kwa Sheikh Abdilahi Nassir



Baada ya darsa ya kina mama hapa Jomvu Kuu, mama mmoja alitukabili kwa suali. "Sheikh," alisema, "uchaguzi wa Agosti 2027 waja. Huyu atatuletea leso, yule atatuletea sukari. Sisi tutamjuaje anayefaa?" Hatukuona vyema kumtajia mgombea wa leo, kwa kuwa jarida hili ni la jamaa zote. Tumeona tumjibu kwa kumtazama mgombea wa zama zilizopita, ambaye kauli zake twaweza kuzipima bila ya ushabiki.

Huyo ni Marehemu Sheikh Abdilahi Nassir, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1932 na kufariki mwaka 2022. Alitoka katika nyumba ya ilimu na ushairi: Ahmad Nassir, malenga mashuhuri wa Mvita, na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake wa "Kenya: Twendapi?", wote wawili ni ndugu zake. Yeye mwenyewe alisomea ualimu Unguja, kisha akarudi kusomesha watoto wa Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa bado kijana, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya.

Ili tuielewe kauli yake, yatupasa tukumbuke hali ya wakati ule. Kwa mkataba wa mwaka 1895, ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, ambao Jomvu yetu imo ndani yake, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza wakiutawala kwa kumlipa Sultani kila mwaka. Uhuru ulipokaribia, likazuka suali: ukanda huu uwe sehemu ya Kenya, au uwe na mamlaka yake wenyewe? Mwaka 1961 Sir James Robertson, aliyetumwa kulichunguza jambo hili, alipendekeza uunganishwe na Kenya. Sheikh Abdilahi alikuwa miongoni mwa waliosimamia kauli ya Mwambao, yaani pwani ijitawale, na kauli hiyo aliipeleka hadi London, kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House mwaka 1962. Hakuificha alipokuwa mbele ya wakubwa, wala hakuigeuza alipokuwa mbele ya wapiga kura.

Dai hilo halikupita. Na insafu yatutaka tuseme pia kwamba majirani zetu wengi wa Kimijikenda hawakuliafiki, kwa kuchelea kurudishwa chini ya utawala wa Kisultani. Basi hapa pana funzo la kwanza: msimamo wa mgombea usipimwe kwa faida yetu peke yetu. Tutazame pia nani anayeachwa nje ya mlango.

Hata hivyo, hoja za watu wa pwani hazikupotea bure. Hatusemi kuwa ni kazi ya mtu mmoja, lakini dai lililotajwa waziwazi halikuweza kupuuzwa. Mwezi wa Oktoba 1963, Serikali ya Kenya na ile ya Zanzibar zilikubaliana kwamba Waislamu wa pwani watakuwa na uhuru wa ibada, hati za ardhi zilizokwisha sajiliwa zitatambuliwa, na mahakama za Kadhi zitahifadhiwa. Mahakama hizo zimo katika katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 169 na cha 170. Ndizo zinazoamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo.

Enyi mama zetu na dada zetu, zingatieni jambo hili. Mjane anayedai thumuni yake, au mke aliyeachwa bila ya kupewa haki zake, leo ana mlango wa kubisha. Mlango huo ulijadiliwa na wanasiasa katika kumbi za mbali, na wengi wao hawakupata kumjua mjane huyo. Asiseme mtu kwamba siasa haiingii nyumbani.

Baada ya uhuru, Sheikh Abdilahi aliiacha siasa ya mabaraza, akafanya kazi ya uchapishaji katika Oxford University Press, kisha akajishughulisha na tafsiri na mihadhara ya dini. Baadaye alifuata madhehebu ya Shia, na wengi wetu tulitofautiana naye katika hilo. Lakini hata aliyempinga alijua anapinga kauli gani. Hii ndiyo sifa tunayoitafuta kwa anayeomba kura zetu.

Basi jawabu letu kwa mama yule ni hili. Mgombea akifika barazani, muulizeni alikotoka na kazi aliyoifanya kabla ya kuomba kura. Muulizeni anasemaje juu ya ardhi tunazoishi, maji ya mabomba yetu na ajira ya vijana wetu, na ni lipi kati ya hayo liko katika uwezo wa kiti anachokiomba. Kwani mbunge wa Jomvu na mwakilishi wa wadi ya Jomvu Kuu hawana kazi moja. Kisha muulizeni kama atayasema maneno hayo hayo Mikindani na Miritini. Akijibu, yahifadhini majibu yake, mumkumbushe baada ya mwaka.

Ama leso, asiyeipokea amejitwahirisha. Na aliyekwisha ipokea asidhani kwamba ameuza kura yake kwa halali. Kura ni shahada, na shahada ni amana. Nayo Suratun Nisaa yatuamrisha tuzifikishe amana kwa wanaozistahiki.

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wema, na atujaalie sisi kuwa wapiga kura wema. Wabillahi tawfiq.