Geti Linaloitikia Taa za Gari

Mageti yanayofunguka kwa taa za gari yapo Tanzania tangu zamani, ila mtambo wake una miguu miwili na unalipwa mshahara. Dereva anafika usiku, anapiga fulu mara mbili, mlinzi anatoka kibandani, anamulika namba ya gari, anamtazama aliyekaa mbele na waliokaa nyuma, ndipo anavuta komeo. Kuanzia Babati hadi Mbezi utaratibu ni huo huo. Asiye na mlinzi humtuma mtoto.

Siku hizi kuna kifaa kinachoitaka kazi hiyo. Ni kisanduku kinachoenea kiganjani, kinachounganishwa na waya wa taa za mbele za gari au pikipiki. Ukipiga fulu, mota ya geti inaitika na geti linasogea. Mwenye gari anaweza kukiona ni anasa, maana rimoti ya kawaida inakaa vizuri tu pale mbele ya usukani. Mwenye pikipiki ana hoja nzito zaidi. Anayerudi Masieda, wilayani Mbulu, wakati wa masika, udongo umeshalainika na magunia mawili yamefungwa nyuma, hapendi kushuka ili apapase mfukoni akitafuta kitufe. Akiiachia pikipiki kidogo tu, inalala. Fulu iko pale pale kwenye dole gumba la mkono wa kushoto.

Wengi wanaokiona kikifanya kazi huamini kwamba mwanga ndio unaofungua geti. Ukiziba taa zote mbili kwa turubai ukapiga fulu, geti litafunguka vile vile. Taa hapo ni kidole tu cha kubonyezea. Kinachosafiri hadi getini ni kitu kingine, na ili kuelewa kwa nini mafundi waliuacha mwanga wenyewe, inafaa kujua kwanza kwamba uliwahi kujaribiwa.

Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith, fundi mkuu wa umeme katika kazi ya nyaya za simu za maandishi za chini ya bahari, alitangaza jambo la ajabu. Yeye na wasaidizi wake walikuwa wakitumia vijiti vya seleni, madini yanayopitisha umeme kwa shida, ili kupima uzima wa waya wakati unapozamishwa. Vipimo vikakataa kutulia. Leo hivi, kesho vile. Mwishowe ikagundulika kwamba kisanduku cha vijiti kikifunikwa, umeme unapita kwa shida. Kikifunuliwa kwenye mwanga, unapita kwa urahisi. Nyaya za aina hiyo hiyo zilifika Zanzibar mwaka 1879, zikaiunganisha pwani yetu na Aden upande mmoja na Durban upande wa pili. Kwa hiyo ujuzi huu ulizaliwa jirani kabisa na kazi iliyoileta simu ya maandishi Afrika Mashariki, ingawa aliyeshuka forodhani Unguja na barua zake hakuwa na sababu ya kulijua hilo.

Kwa nini mwanga ufungue njia ya umeme? Mwaka 1887 Heinrich Hertz, huko Ujerumani, aliona kwamba mwanga wa urujuani usioonekana kwa macho unasaidia cheche kuruka kati ya vipande viwili vya chuma. Baadaye ikajulikana kwamba mwanga huo unang'oa elektroni kutoka kwenye chuma. Ajabu ilikuwa kwamba mwanga mwekundu, hata ukiwa mkali kiasi gani, haukung'oa kitu, na ule wa urujuani, hata ukiwa hafifu, uling'oa. Albert Einstein alitoa jibu mwaka 1905: mwanga unafika kwa mafungu, na kila fungu lina nguvu yake, ndogo kwa rangi nyekundu, kubwa kwa urujuani. Elektroni hupigwa na fungu moja kwa wakati. Kuku mia hawasukumi lango la zizi likafunguka. Fahali mmoja analifungua. Kwa hesabu hiyo, wala si kwa ile nadharia yake mashuhuri zaidi, alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921.

Ndani ya seleni pia mafungu hayo huziachia elektroni zikabeba umeme. Jambo hili halihitaji safari ya Ulaya kulishuhudia. Taa ya sola inayotundikwa ukutani na kujiwasha giza linapoingia inatumia ujuzi huo huo. Nyingi kati yake hazina hata kifaa cha pekee cha kupimia giza: bamba la sola lenyewe likiacha kuleta umeme, saketi inajua jua limezama na inawasha taa. Ziba bamba hilo kwa kanga iliyokunjwa mara kadhaa saa saba mchana, taa itawaka. Zile za nguzo za barabarani hutumia kipande kidogo chenye mstari uliojikunjakunja kama njia ya nyoka, ambacho gizani hukataa umeme na mchana huuachia.

Sasa mpe kipande hicho kazi ya bawabu. Kiweke getini, kiambie: ukiona mwanga mkali, fungua. Mafundi walitengeneza milango ya namna hiyo, na kasoro yake unaweza kuikisia bila kuwa fundi. Radi ikipiga, geti linafunguka. Lori la vitunguu likikata kona na kumulika uani, geti linafunguka. Mwizi mwenye tochi ya shilingi elfu chache ana haki sawa na mwenye nyumba. Mwanga wa taa yako na wa taa ya jirani hautofautiani kwa lolote ambalo kipande kile kinaweza kulitambua.

Ndipo kazi ikapewa redio, na redio ikapewa namba. Rimoti nyingi za mageti zinazouzwa kwetu hurusha mawimbi ya megahezi 433.92, karibu sawa na zile za alamu za pikipiki. Ndani ya mawimbi hayo mna mfululizo wa ndiyo na hapana, na kipokezi cha geti hulinganisha mfululizo huo na ule kilichofundishwa. Ukilingana, mota inaamka.

Ubora wa namba hizo umetofautiana sana, na hapa ndipo mnunuzi anapopigwa. Rimoti za zamani zina safu ya viswichi vidogo ndani, mara nyingi kumi na viwili, kila kimoja juu au chini. Hiyo ni namba 4,096 tu. Mwaka 2015 mtaalamu wa Marekani, Samy Kamkar, alichukua kichezeo cha kielektroniki kilichokusudiwa wasichana kutumiana ujumbe, akakibadilisha kikawa kinarusha namba zote za aina hiyo kwa kuzipachanisha, mwisho wa moja ukiwa mwanzo wa nyingine. Mageti ya kizamani yalifunguka kwa chini ya sekunde kumi. Rimoti za bei nafuu za leo zina namba zaidi ya milioni moja, lakini namba ni ile ile kila siku. Mtu akiinasa mara moja, ameipata kwa maisha yote ya geti.

Dawa ya ugonjwa huo ilitoka bara letu. Katika miaka ya 1980, kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilitengeneza mfumo ulioitwa KeeLoq. Gideon Kuhn alibuni hesabu yake ya siri na Willem Smit akaitia ndani ya chipu. Mwaka 1995 kampuni ya Microchip ya Marekani iliununua kwa zaidi ya dola milioni 10, na ukaenea kwenye magari na mageti duniani. Rimoti na kipokezi huhesabu pamoja. Kila unapobonyeza, hesabu inaongezeka moja, inachanganywa na ufunguo wa siri, na namba inayorushwa hewani haifanani na ya jana. Aliyenasa ya jana ameshika ganda.

Mfumo huo unaeleza jambo ambalo wenye mageti hulalamikia bila kujua sababu. Mtoto amechezea rimoti akiwa Mbulu mjini, geti liko kijijini halikusikia chochote. Ukirudi, bonyezo la kwanza linakataa, la pili linakubali. Betri haina kosa. Kipokezi cha KeeLoq kwa kawaida husamehe mabonyezo hadi 16 yaliyopotea. Yakizidi hapo, hudai kusikia namba mbili zinazofuatana kabla ya kuamini kwamba ni rimoti ile ile.

Na kifaa cha taa kina uzito wa pekee hapa. Barabara za Mbulu ni za kupigiana fulu: kumwonya dereva wa mbele, kumsalimu mwenzako, kuamsha ng'ombe waliolala njiani. Kama kisanduku chako kinarusha namba kila fulu inapowaka, basi safari moja ya usiku inatosha kuitupa hesabu mbali. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kinasubiri nini: fulu moja, au mbili za haraka zinazofuatana? Asipojua, mwambie akuonyeshe.

Kukifunga kwenye gari si kazi ya siku nzima, lakini ina mtego mmoja ambao umewatoa jasho mafundi rewaya wengi. Maelezo ya kiwandani husema: unganisha waya mmoja kwenye waya wa fulu, mwingine kwenye bodi. Ushauri huo unafaa gari ambalo swichi yake hukata upande wa chanya. Toyota nyingi, zikiwemo Land Cruiser za miaka ya 1990 ambazo bado zinabeba wagonjwa, walimu na magunia huku kwetu, hufanya kinyume. Taa zikiwashwa, chanya hufika kwenye balbu na kukaa pale. Swichi huchagua dimu au fulu kwa kufunga upande wa hasi. Kwa hiyo ukiwa kwenye dimu, waya wa fulu unasoma volti 12 kupitia balbu yenyewe, na ukipiga fulu unashuka sifuri. Kisanduku kinaona mambo chini juu, kinaamini fulu imewaka njia nzima.

Fundi mzuri hapimi kwa kubahatisha. Anachukua mita, anapima waya wa fulu taa zikiwa dimu, kisha zikiwa fulu, anaandika. Akikuta gari ni la kukata hasi, anaweka rilei ndogo: miguu ya koili anaipachika kwenye miguu ile ile miwili inayolisha fulu ya balbu, na upande wa swichi wa rilei ndio unaokipa kisanduku umeme. Namna hii haijali chanya wala hasi. Balbu ya wati 60 hunywa ampea 5. Koili ya rilei hainywi hata robo ya ampea moja, kwa hiyo taa haififii. Fyuzi ndogo ikae karibu na betri, si karibu na kisanduku.

Pikipiki nazo zina la kwao. Kwenye baadhi ya pikipiki ndogo taa ya mbele hailishwi na betri, hulishwa moja kwa moja na jenereta ya injini, kwa umeme unaogeuka upande mara nyingi kwa sekunde na kupanda kadiri unavyovuta mafuta. Ukiona taa inang'aa unapovuta na kufifia injini ikipunguza kasi, ndiyo hiyo. Kifaa cha volti 12 za betri kinaweza kuungua hapo.

Halafu kuna waya mwembamba unaoning'inia kwenye kisanduku, ambao fundi mpenda usafi hutamani kuukata. Asiukate. Wimbi la megahezi 433.92 lina urefu wa sentimita 69 hivi, na waya huo ni robo yake, yaani sentimita 17 na kidogo. Ukifupishwa au ukizungushwa kwenye chuma cha boneti, geti litakusikia ukiwa umeshaligusa kwa bampa. Ukae nyuma ya plastiki ya mbele, umenyooka.

Mahali ambapo umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, haujafika, au umefika na kukatika, geti lenyewe bado linaweza kufanya kazi, maana kuna mota zinazoendeshwa na betri. Tuseme kipokezi kinakula miliampea 60 mchana na usiku: hiyo ni karibu ampea-saa moja na nusu kwa siku, mzigo ambao bamba dogo la sola linaumudu. Sitajifanya kwamba Masieda imejaa mageti ya mota. Zizi linafungwa kwa magogo na matawi ya miba, na linafungwa vizuri.

Swali la nani aingie ni la zamani huku. Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, walijulikana kwa nyumba zilizochimbwa kwenye mteremko, paa likilingana na ardhi, ili mvamizi wa ng'ombe apite bila kujua kwamba pana watu chini yake. Ulinzi ulikuwa katika kutoonekana. Kifaa cha taa kinafanya kinyume: kinaufunga ufunguo wa nyumba ndani ya gari linaloonwa na kila mtu. Rimoti unaingia nayo kitandani. Kisanduku kinalala na gari, kinakwenda kuoshwa na gari, kinakaa kwa fundi siku tatu. Mlinzi angemuuliza anayeendesha, "Wewe nani, na baba yuko wapi?" Geti haliulizi. Kwa hiyo mimi ningemtaka fundi achukue umeme wa kisanduku mahali panapowaka baada ya kuwasha swichi ya gari tu, na ningenunua cha namba inayobadilika au nisinunue kabisa, nikijua kwamba hata KeeLoq ilivunjwa na watafiti wa Ulaya na Israeli mwaka 2007 na 2008.

Mwanga wenyewe haukufukuzwa getini. Kwenye nguzo mbili za mageti ya mota huwekwa macho mawili yanayotazamana kwa mwali usioonekana, karibu na goti la mtu. Mtoto, mbuzi au ndama akikatiza mwali huo geti linapofunga, mota inasimama na kurudi. Mafundi wengine huyaacha ili kupunguza bei. Hapo ndipo pa kukataa punguzo.

Na siku gari linapouzwa, kisanduku kinavuliwa kabla mnunuzi hajafika, kisha kipokezi cha geti kinafutwa namba zote na kufundishwa upya zile zilizobaki nyumbani.