MTUMBWI USIO NA JINA CHINI YA LUALABA

Wasomaji wetu wa Kasongo na Kabambare wanaufahamu mto Lualaba, na wengi wamepata kuuvuka. Basi, tuseme mvuvi wa Nyangwe ametupa wavu wake wakati wa kiangazi, nao umenaswa chini. Anapiga mbizi, na mkono wake unagusa ukingo wa mti uliochongwa, umejaa matope. Ni mtumbwi. Je, ulikuwa wa nani, nao ulizama lini?

Chombo kingine kilichopita nchi hii twakijua vema mno. Mwaka 1876 wapagazi waliichukua mabegani mashua ya Bwana Stanley, jina lake Lady Alice. Iliundwa Teddington, Uingereza, na fundi James Messenger, kwa mbao za mwerezi. Urefu wake futi 40, upana futi 6, nayo iligawanywa vipande kusudi ichukulike. Ilipita Kabambare, ikafika Nyangwe mwezi wa Oktoba, kisha ikashuka mto. Hata mahali ilipoachwa twapajua: karibu na maporomoko ya Isangila, mwishoni mwa Julai 1877. Iliitwa kwa jina la mchumba wa Stanley, msichana wa Marekani, ambaye wakati ule alikuwa amekwisha kuolewa na mwingine. Hata hilo limeandikwa!

Lakini ni nani aliyeandika habari za mitumbwi ya watu wa Nyangwe?

Livingstone aliandika kidogo. Baada ya kukaa miezi mingi Kabambare akiugua vidonda vya miguu, alifika Nyangwe mwezi wa Machi 1871. Alitaka mtumbwi wa kuvukia, Wagenya wakakataa kumwuzia. Tarehe 15 Julai alikwenda sokoni. Walikuwako watu wapata 1,500, wengi wao wanawake, waliokuja na mitumbwi yao na kuifunga kwenye hori. Akawaona watu watatu wa mfanya biashara Dugumbe wameingia na bunduki, na mmoja wao akibishana juu ya bei ya kuku. Mara bunduki zikalia. Watu wakatupa bidhaa zao, wakakimbilia hori, na huko kundi lingine likawapiga risasi kutoka karibu. Mitumbwi ilisongamana hata haikuweza kutoka. Wanaume kwa hofu wakasahau makafi yao. Wengi wakajitupa mtoni, wakaogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali, na vichwa vyao vikatoweka kimoja kimoja. Mitumbwi mitatu ilipata kutoka, ikawaokota waliokuwa wakizama, mpaka ikalemewa, ikazama pamoja nao wote. Dugumbe mwenyewe alituma watu, wakaokoa 21. Mwanamke mmoja alikataa kupandishwa, akidhani anachukuliwa utumwani. Aliona afadhali kuogelea.

Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400. Majina yao hayamo kitabuni. Livingstone alikuwa ameishiwa na karatasi, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda ya mwitu. Maandishi yakafifia, na mwaka 2011 ndipo wataalamu walipotangaza kwamba wameyasoma tena kwa msaada wa mianga ya namna mbalimbali.

Na mtumbwi wa mvuvi wetu, je? Mti uliofunikwa na matope yasiyopitisha hewa waweza kudumu sana: mtumbwi wa Dufuna, uliogunduliwa Nijeria mwaka 1987, una umri wa miaka kama 8,000. Siku hizi wataalamu hupima kaboni iliyomo ndani ya mti. Lakini kwa mti uliokatwa katika karne tatu zilizotangulia mwaka 1950, kipimo hicho hutoa jibu pana mno. Hakiwezi kuutenga mwaka 1871 na miaka mingine. Tena mtumbwi wetu ni gogo moja lililochongwa: hauna msumari, hauna alama ya fundi. Waweza kuwa wa siku ile ya soko. Waweza pia kuwa wa babu fulani aliyeufunga vibaya usiku wa mvua.

Hata hivyo twamwomba mvuvi asiupasue kuwa kuni. Wala asiukokote juani, kwa maana mti uliolowa miaka mingi ukikauka upesi hupasuka na kupindika. Auache majini ulipo, akumbuke mahali, kisha ampashe habari mkuu wa kijiji.